Gari Lililozimika Relini

Mwendo huficha, kituo hufichua. Mmeisikia leo msibani, vijana, mkataka kujua asili yake. Methali hii ilianza hivi.

Zamani zile hapa Tabora magari yalikuwa machache, hata watu waliyatambua kwa mlio. Fundi Mihambo alijivunia kipimo chake: kila gari alilotengeneza alilikimbiza hadi uwanja wa ndege na kurudi. Likirudi salama, limepona.

Gari la marehemu Mwalimu Kasubi lilimwaibisha mara tatu. Alibadili plagi, akasafisha kabureta, akalikimbiza. Likaenda kama jipya. Kesho yake mjane, Bi Nyanzala, akarudi nalo likisukumwa na wapita njia.

"Fundi, limenizimikia tena pale relini, nikisubiri treni ipite. Kesho anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimechoka nalo."

Mihambo alinywea. Gari lile ndilo la kwanza aliloaminiwa nalo ujanani. Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Ukalikimbize tena?" Bi Nyanzala aliuliza. "Mbioni halina neno, baba. Umewahi kukaa nalo limesimama?"

Hakuwahi. Akaliwasha, akavuta kigoda, akakaa. Injini ilipopata moto ikaanza kutetemeka kama mwenye homa. Akaigonga taratibu valvu ya kurudisha moshi kwa mpini wa bisibisi. Mlio ukatulia, kisha ukaharibika tena. Akaifungua. Kipande cha masizi magumu, kama punje ya mtama, kiliizuia isifunge.

"Hii hurudisha moshi kidogo kwenye injini gari likiwa mwendoni," alieleza. "Likisimama, yapaswa ifunge. Sasa imebaki wazi. Mbioni injini ina pumzi nyingi, haijali. Ikitulia, moshi wake wenyewe unaikaba."

Bi Nyanzala akaiangalia ile valvu. "Basi tuko wawili. Tangu tumzike Mwalimu, nikiwa na kazi sijambo. Pale relini, nikisimama tu, machozi."

Mihambo aliisugua valvu, akairudisha. Gari likanguruma palepale lilipo, kwa ule mlio wa Mwalimu, nao wakakaa wakiusikiliza bila kwenda popote. Mnunuzi alipokuja alipewa chai, akarudi mikono mitupu.

Leo pale msibani mlimsifu binti wa marehemu kwa kuhudumia wageni tangu alfajiri bila kuketi. Shangazi yake hakumsifu. Alimpokonya sinia, akamvutia kiti, akasema: mwendo huficha, kituo hufichua.