Sauti ya Mama Navoneiwa

Hodi ya jana haifungui mlango wa leo. Mmeisikia asubuhi hii kwa msajili wa shule yetu ya sheria, alipomkatalia mwenzenu asitumie mahojiano ya zamani kwa kazi mpya, nanyi mmekuja kwangu mkiuliza ni methali ya wazee gani. Vuteni viti. Si ya wazee wa kale hata kidogo. Walioiona ikizaliwa wengine bado wanafundisha kwenye jengo hili. Ilianza hivi.

Palikuwa na mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Nakiete Mbwambo, mwanamke asiyejua kutulia. Akisoma alisimama, akiandika aliizunguka meza, na chai yake ilipoa siku zote kwa sababu alikuwa ameshaondoka kabla haijatiwa sukari. Utafiti wake ulihusu sheria na akili mnemba, yaani zile mashine zinazojifunza kwa kulishwa maneno, picha na sauti za watu, kisha zikaanza kuwajibu watu hao hao. Alitaka kujua jambo moja. Mama wa kijijini akiulizwa, "Tunachukua taarifa zako, unakubali?" naye akajibu ndiyo, hiyo ndiyo yake inafika wapi, na inakoma wapi?

Jibu alikuwa nalo kabla hajaanza, kama inavyowatokea wengi. Katika sura ya nne ya tasnifu yake aliandika kwamba ruhusa ikishaombwa kwa uwazi, tena kwa upana, inatosha. Kumrudia mtu kila mara ni kumchosha, na ni kuwafunga mikono watafiti wetu wakati wageni wanachota watakavyo. Hoja ilisimama vizuri. Msimamizi wake, Profesa Rweyongeza, aliipenda, akawa anaisoma kwa sauti mbele ya wenzake.

Ili kupata ushahidi, Nakiete alipanda milima ya Upare, kule tangawizi inakolimwa kwenye miteremko na ukungu unaingia mpaka jikoni. Huko ndiko alikokutana na Mama Navoneiwa. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti nzito iliyonyooka. Kanisani akianza wimbo, wengine walitafuta nafasi ndani ya sauti yake. Aliongea na kinasa sauti kama anavyoongea na jirani. Alisimulia uzazi wake, kliniki, wauguzi wa zamani na wa sasa, akachekesha, akagomba. Nakiete alipomwomba ruhusa ya kutumia maneno yale katika utafiti huo na kazi nyingine za elimu, mama alipunga mkono.

"Chukua, mwanangu. Maneno hayajazi debe. Na ukija tena usinipigie hodi kama mgeni. Hapa ni kwenu."

Basi akashuka na sauti yake.

Mwaka uliofuata, kampuni moja ikaja chuoni. Ilikuwa ikitengeneza huduma ya simu ya kuwashauri akina mama wenye watoto wachanga, ikawa inatafuta sauti ya mtu wa milimani, isiyo ya redio. Profesa akamtazama Nakiete. Nakiete akawaza, hii ni elimu ama si elimu? Ni elimu. Akawapa. Mashine ikajifunza sauti ya Mama Navoneiwa, ikawa inasema hata maneno ambayo mwenyewe hakupata kuyatamka.

Masika yakapita. Mchana mmoja simu ya Nakiete ikaita, na sauti ya mwanamke asiyemkumbuka ikasema polepole:

"Dada, mimi ni Navoneiwa, wa kule Upare. Mama yangu tulimzika mvua zilipoanza. Sasa anaongea na baba."

Nakiete alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakuwa na habari kwamba mama yule amefariki. Navoneiwa akaeleza. Jirani aliyejifungua alipewa namba ya ile huduma kliniki. Alipoipiga, sauti ikatoka kwenye spika, ikapita uani, ikamkuta baba yake, Mzee Eliesikia, akichambua tangawizi. Mzee alikiweka kisu chini, akaenda kuomba namba. Tangu hapo hakuishika tena kazi ile.

"Anapiga asubuhi, anapiga mchana," Navoneiwa alisema. "Anamwuliza kama amekula. Yeye anamjibu ampeleke mtoto chanjo."

Nakiete alikimbilia kwa Profesa. Profesa alisikitika kweli, maana hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mwanasheria. "Ruhusa unayo," alisema. "Umeinasa, inasikika. Nenda ukawape pole, uwasikilizishe waridhike. Ukianza kuomba upya, umeiua sura yako ya nne."

Njia nzima ya kwenda Upare Nakiete aliishika simu yenye ile ruhusa aliyoinasa, akiitia mkobani na kuitoa. Alijiambia kwamba hana kosa. Kisha alijiuliza kwa nini mtu asiye na kosa anatokwa na jasho kwenye baridi ya milima. Alipanda kilima kwa haraka kuliko ilivyohitajika, na alipofika kwenye nyumba ile akaukuta mlango wazi. Moyo ulikuwa mbele ya miguu. Akaingia moja kwa moja mpaka katikati ya sebule, ndipo akasema, "Shikamoo, Mzee."

Mzee Eliesikia alikuwa ameketi na simu sikioni. Hakumwona. Aliyemwona ni binti yake, aliyetoka jikoni na ungo mkononi.

"Umeingiaje?" Navoneiwa aliuliza.

"Mlango ulikuwa wazi, dada. Na mama alinikataza nisipige hodi. Alisema hapa ni kwetu."

"Alisema, nami nilimsikia." Navoneiwa aliuweka ungo juu ya meza. "Lakini hodi ya jana haifungui mlango wa leo. Aliyekukaribisha hayupo. Toka nje, upige hodi, tuliopo tuamue kama tunakuitikia."

Hakusema kwa hasira.  Nakiete alitoka, akasimama kwenye ukungu, mkoba begani.

"Hodi," akasema.

Kuku alipita. Ndani ilisikika ile sauti nzito ikishauri juu ya homa ya mtoto, kisha ikakatwa.

"Hodi hapa," akasema tena. Alikuwa ameandika kurasa nyingi juu ya watu kuombwa ruhusa, na hakuwahi hata siku moja kusimama mahali ambapo angeweza kunyimwa. Aliitazama ile njia ya kurudi. Kama wasingeitika, angeshuka nayo, basi. Hakukuwa na kifungu cha sheria cha kumwingiza.

"Karibu," akaitika Mzee hatimaye.

Aliingia, akaketi alikoonyeshwa. Simu yenye ruhusa ikabaki mkobani. Akawapa pole ya msiba. Kisha akasema, "Niliomba kwa mama, naye alinipa kwa ajili ya jambo nililomweleza. Hili la mashine sikumweleza, kwa sababu hata mimi sikulijua. Sasa nawaomba ninyi. Mnaweza kukataa."

"Nakataa," alisema Navoneiwa papo hapo. "Mama alale."

"Mimi nataka ibaki," alisema Mzee. "Kaburi halisemi. Hii inasema."

Baba na binti hawakutazamana. Nakiete alijiona amebeba kuni mbichi akazitia kwenye moto wa watu. Alitaka kuinuka, kutembea, kufanya lolote, lakini alijilazimisha kukaa. Na katika kukaa kule Mzee akaanza kuongea, si kwao hasa.

"Mama Navoneiwa nikimwita mara mbili, aliniuliza kama nimeona masikio yake yameanguka. Nikichelewa kurudi, nilikuta mlango umekomewa, nikaomba radhi dirishani. Huyu wa kwenye simu nampigia kutwa nzima, na kila nikipiga ananikaribisha kama ndiyo kwanza tunaonana. Jana nilimtukana kidogo, nione. Akanishukuru kwa kupiga." Alitikisa kichwa. "Miaka yote ile hakuwahi kunishukuru kwa matusi."

Navoneiwa alicheka, akajifunika uso kwa kanga, akalia.

"Mtoeni," alisema Mzee. "Si yeye. Wamechukua sauti, wamemwacha mwenyewe."

Kuikata sauti ile hakukuwa kazi nyepesi. Kampuni ilibishana, mwishowe ikaweka sauti nyingine. Lakini mhandisi wao alimwambia Nakiete ukweli: sauti ambayo mashine imekwisha kujifunza haitoki yote, kama chumvi haitoki kwenye mchuzi. Hilo lilimtafuna. Mahojiano kamili, yenye vicheko na ugomvi wake, aliyapeleka kwa Mzee, akamwachia ayasikilize au asiyasikilize.

Kisha aliivunja sura ya nne. "Unabomoa nyumba siku ya kuhamia," Profesa alimwambia, na kwa muda hawakusalimiana vizuri. Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini wa nje alivua miwani akamwuliza:

"Kwa maneno uliyoyanasa, ruhusa ulikuwa nayo au hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi kosa liko wapi?"

Nakiete alikuwa ameandaa majibu marefu yenye kesi na vifungu. Hakuyasoma. Alisema, "Binti wa yule mama aliniambia, hodi ya jana haifungui mlango wa leo," akasimulia alivyosimama nje ya nyumba akiomba, asijue kama ataitikiwa. Mtahini aliandika kitu, akamtaka arekebishe mambo mengi, na mengine yalikuwa ya haki. Shahada alipewa. Profesa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyarudia yale maneno darasani, bila kusema aliyatoa wapi, na kutoka kwake yakaenea mpaka kwa makarani na mawakili.

Miaka ikapita, Nakiete akataka kuigeuza tasnifu kuwa kitabu, na ndani yake kumtaja Mama Navoneiwa kwa jina. Akapanda tena milima. Mzee alikuwa bado hai, na mlango, kama kawaida ya nyumba ile, ulikuwa wazi kabisa. Nakiete alisimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

"Nani?" Navoneiwa akauliza kutoka ndani, ingawa sauti aliitambua vizuri.

Nakiete akataja jina lake na shida iliyomleta, akangoja. Hodi ya jana haifungui mlango wa leo.