Bega la Elnathan Hubbel

Mwongo hudhani ulimwengu mzima umelala, yeye peke yake ndiye aliye macho. Ndivyo alivyodhani Elnathan Hubbel, mwenye kinu cha kusaga nafaka huko Konektikati, Marekani, enzi za utumwa.

Alipoitwa kwenda kupigana na majeshi ya Mfalme wa Uingereza, alimpeleka Quaco, mtumwa wake, ashike nafasi yake. Akatia saini kabisa: akitumikia miaka mitatu, atakuwa huru. Quaco akatumikia. Aliporudi, akakuta amekwisha kuuzwa kwa tajiri wa Karolina, kusini ya mbali, na merikebu ya kumpeleka yang'oa nanga kesho.

Quaco akamkimbilia hakimu, na shauri likasikilizwa siku hiyo hiyo katika kilabu cha pombe cha Bibi Mehetabel, maana ndiko kulikokuwa na viti. Watu walijaa pomoni.

"Nani kasema huyu alipigana?" Hubbel alifoka, akipunga cheti cha jeshi alichompokonya Quaco aliporudi. "Jina hapa ni la nani? Langu! Nilikwenda mwenyewe. Huyu alibaki kinuni akibeba magunia!"

Damu ilimchemka Quaco. Jeshini walimwandika kwa jina la mwenye nafasi. Hakuna aliyeuliza lake.

"Bwana, miaka mitatu uliota kitambi papa hapa!"

"Kwa pai zangu!" Bibi Mehetabel alidakia.

"Kimya, Bibi! Mimi nafuata karatasi," hakimu alikemea. Wanaume waliojua ukweli wakainamisha vichwa kama kuku walionyeshewa. Kinu kilikuwa kimoja tu mjini.

Quaco aliwatazama mmoja mmoja. "Basi kisome chote, mheshimiwa."

Hakimu akasoma: "Elnathan Hubbel, askari hodari, aliyepigwa risasi bega la kushoto..."

Akainua macho, akamtazama Hubbel begani. Bibi Mehetabel akaangua kicheko. "Haya, shujaa! Vua koti tulione hilo bega!"

Hubbel alilikumbatia koti lake. "Kuna... kuna baridi."

"Baridi? Julai hii?"

Kilabu kizima kikalipuka kwa vicheko. Quaco hakucheka. Alilirarua shati lake. Kovu lilikuwa limejikunja begani kama ngumi.

"Nimepigwa risasi kwa jina lako, Elnathan," alisema, na 'bwana' haikutoka tena kinywani mwake. "Jina lako hilo, lichukue. Nipe uhuru wangu!"

Hakimu akagonga meza: Quaco ni huru. Hubbel hakungoja mengine. Kutoka kitini pake hadi mlango wa nyuma zilikuwa hatua saba tu, na kila mtu alizihesabu kwa sauti. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.