Cherehani Isiyo na Uzi

Wapendwa, hebu sikilizeni cherehani inayolia mchana kutwa, na nguo haitoki hata moja.

Mwinjilisti mmoja, mwanamke, alitumwa kwenye mji ambao habari za Yesu zilikuwa hazijafika. Ili apate sababu ya kuishi pale, alipanga chumba barabarani, akaandika mlangoni "Fundi Nguo", akaweka cherehani. Kushona hakujua. Alijisemea, "Nimefuata roho za watu, sikufuata magauni." Basi akawa anaikanyaga tupu, wapita njia wasikie kuna kazi. Mtu akileta kitambaa humwambia, "Nina kazi nyingi, mpendwa. Lakini kaa kidogo tuongee."

Wiki ya kwanza watu walikaa. Wiki ya tatu hakukaa mtu. Akina mama wakikaribia mlango wake walivuka barabara, wakawafunika watoto nyuso kwa kanga. Yeye akasema ni vita vya shetani. Akafunga siku tatu, akazidi kukanyaga.

Siku hiyo ya tatu, adhuhuri, mama mmoja kijana alisimama kizingitini na mtoto mgongoni. Alinyoosha kikombe kwa mbali, miguu ikabaki nje.

"Dada, nimekuletea uji. Siku tatu sijaona moshi kwako."

"Karibu ndani."

"Hapana, hapa panatosha." Akatazama sakafu, ilikuwa safi kabisa. "Usikasirike nikikuuliza. Unawashonea akina nani?"

"Mbona unaniuliza hivyo?"

"Cherehani inalia tangu asubuhi. Nguo hatuzioni. Hata kipande cha uzi hakijaanguka hapo chini. Mtaani wanasema unawashonea wafu. Wanasema ukimwambia mtu akae kidogo, unampima sanda kwa macho."

Mwinjilisti akasikia baridi, na jua liko utosini. Aliwaletea habari ya uzima, kumbe walikuwa wanamkimbia kama kifo chenyewe!

Akaanza kulia. "Mama, mimi sijui kushona."

"Hujui?"

"Hata kidogo."

Yule mama akamwangalia, kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Jamani! Tumehama njia wiki nzima kwa ajili ya fundi asiyejua kupitisha uzi!" Akaingia. Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa mwinjilisti, akakaa yeye kwenye cherehani. "Kunywa uji kwanza. Halafu uje uangalie mikono yangu."

Wapendwa, yule mama alikuja akiamini huenda mwanawe atapimwa sanda. Na bado alileta uji. Je, sisi tungekwenda?

Sasa nasema na kanisa hili. Jumapili ijayo tumepanga kumwekea mikono ndugu yetu huyu, akafungue gereji ya pikipiki kule milimani, apate kuhubiri. Tumemnunulia Biblia katoni tatu. Nani kati yetu amemuuliza kama anajua kutengeneza breki? Baba wa watu atapanda ile pikipiki, mke nyuma, mtoto katikati, ateremke mlima akimwamini fundi. Tutamwambia nini Mungu?

Ndugu yangu, usiinamishe kichwa, kosa ni letu sote. Jumapili ijayo hatutakuwekea mikono. Jumatatu utaingia gereji kujifunza, mwaka mzima ikibidi, na chakula cha watoto wako tutakileta sisi. Anayekubali, asimame.