Mkandarasi na Kanisa la Mfalme Aliyeuawa

Ndugu zangu, niwaambie mapema kwamba huu ni mfano. Tukitoka hapa msianze kuulizana, "Hivi mchungaji alikuwa anamsema nani?" Mtu huyu nimemtunga mwenyewe. Akifanana na mtu unayemjua, basi anza kwa kujitazama wewe.

Palikuwa na mkandarasi mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika. Alizaliwa katika kijiji cha wakulima wa pamba, upande wa Usukumani. Wazazi wake walifariki akiwa bado mdogo, akalelewa na shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemlisha, ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyemfundisha kusali. Shangazi huyo alipozeeka, macho yake yakawa mekundu. Ulikuwa moshi wa kuni tu, ndugu zangu, miaka arobaini ya kupuliza moto jikoni. Lakini mwaka ule watoto watatu walikufa kijijini kwa homa, na watu wakaanza kuyatazama macho yale, wakinong'ona kwamba ni macho ya mchawi.

Mkutano ukaitwa, mchana kweupe, mbele ya ghala la pamba. Hapakuwa na ushahidi wala shahidi. Swali lilikuwa moja: mama huyu aondoke kijijini au abaki? Wanaotaka aondoke wanyooshe mikono. Mikono ikanyooshwa, mingi. Jua halijazama, shangazi akiwa bado anafunga mizigo yake, wenye hasira wakaichoma nyumba, naye akiwa ndani.

Yule kijana aliyelelewa naye alikuwapo mkutanoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wiki iliyofuata akaondoka kijijini.

Ikapita miaka thelathini. Kijana akawa mkandarasi, akajenga shule, akajenga zahanati, akajulikana. Lakini hakutulia. Ukimkuta kanisani, anapanga viti ambavyo vimeshapangwa. Ukimkaribisha chakula, anasimama kabla hajanawa. Mwishowe akatoa tangazo: pale ilipokuwa nyumba ya shangazi atajenga kanisa dogo la ukumbusho. Watu wakampigia makofi. Akaenda kumwonyesha ramani binti pekee wa shangazi, tumwite Holo, ambaye bado alikuwa akilima karibu na kiwanja kile. Holo aliitazama ile karatasi, akasema, "Kiwanja ni chenu pia, kaka. Fanyeni." Basi. Mkandarasi akadhani dada yake ameshindwa kusema kwa furaha.

Sasa, mkandarasi alikuwa na binti yake aliyekuwa muuguzi huko Paris, Ufaransa. Binti akamtumia tiketi ya ndege, akamwambia, "Baba, huku kuna kanisa la namna hiyo hiyo unayoitaka. Walijengewa mfalme na malkia waliokatwa vichwa wakati wa mapinduzi. Njoo ulione kabla hujamwaga zege."

Akaenda. Asubuhi moja wakaingia wote wawili. Ni jengo la mawe, lina kuba juu, na ndani yake, upande huu sanamu ya mfalme, upande ule sanamu ya malkia, nyeupe kabisa. Mkandarasi alikuwa na futi yake ya kupimia mfukoni. Badala ya kukaa kimya kama wageni wengine, akaanza kuzunguka, akihesabu hatua kutoka mlangoni hadi mbele.

"Baba, njoo usome," binti akamwita. "Yaani, nikusomee. Chini ya sanamu wameandika wosia wa mfalme. Anasema anawasamehe wote waliojigeuza adui zake."

"Vizuri. Na sisi tutaweka maandishi. Piga picha. Hilo jiwe waliloandikia ni jiwe gani?"

Alikuwapo pale mama mmoja wa makamo, mhudumu, anayekata tiketi na kuwaeleza wageni historia. Mkandarasi akamwambia bintiye amwulize kanisa lilijengwa na nani. Mhudumu akajibu kwa Kifaransa, binti akatafsiri: lilijengwa na mdogo wake mfalme, alipopata ufalme miaka mingi baadaye, mahali palepale yalipokuwa makaburi walimotupwa waliouawa.

"Unaona?" Mkandarasi akafurahi. "Ndugu! Ndugu ndiye aliyejenga!"

Mhudumu akaona furaha ile, akaongeza maneno. Binti akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Anasema mfalme alikuwa pia na binamu yake. Siku bunge lilipoamua kama mfalme afe au asife, walipita mmoja mmoja, kila mtu akitamka uamuzi wake kwa sauti. Zamu ya binamu ikafika. Akasema afe. Haukupita mwaka, binamu naye akakatwa kichwa, akaletwa kuzikwa katika makaburi haya haya. Anasema watu hushangaa wakisikia, kwa sababu sanamu yake haimo humu."

Mkandarasi akauliza taratibu, "Mwulize kwa nini alisema afe."

Mhudumu akainua mabega. "Wapo wanaosema aliogopa."

Ndugu zangu, yule mzee akashuka ngazi hadi chumba cha chini, akapanda. Akatoka bustanini, kwenye mawaridi meupe, akakaa kwenye benchi, akainuka. Akarudi ndani, akatoka tena.

"Baba, unaumwa?"

"Twende."

"Lakini hujamaliza kupima."

"Nimesema twende!"

Jioni ile hakula. Kesho yake akabadilisha safari, akarudi nyumbani wiki mbili kabla ya siku yake.

Je, mmeshajua kilichomsumbua? Mkono mmoja katika ile mikono ya mbele ya ghala ulikuwa wake. Hakuwasha kiberiti, hapana. Alisimama katikati ya watu. Wa kulia akanyoosha, wa kushoto akanyoosha, wote wawili wakamgeukia. Akanyoosha na yeye. Ni kitu cha kufumba na kufumbua. Miaka thelathini alijiambia, "Hata nisingenyoosha, wangemwua tu." Inawezekana ni kweli. Lakini mbona hakuwahi kumwambia mtu?

Alipofika kijijini hakupita kwenye matofali aliyokwisha kuyaleta kwa ajili ya kanisa. Alikwenda moja kwa moja shambani kwa Holo. Holo alikuwa akichambua pamba, safi huku, chafu kule.

"Dada," akamwambia akiwa amesimama, "siku ya mkutano ule nilinyoosha mkono."

Holo hakuinua uso. "Najua."

"Unajua? Nani alikuambia?"

"Nilikuwa ndani ya ghala. Mama alinificha humo wasije wakanigusa. Ukuta ulikuwa na ufa. Nilikuona ukitazama huku, ukatazama kule, kisha ukanyoosha."

Mkandarasi akashika kichwa. "Miaka thelathini, Holo! Umenipikia, umeniita kaka. Kwa nini hukusema?"

"Niseme mimi? Kwani mwenye neno la kusema alikuwa mimi?" Sasa alimtazama. "Kila gari lako likisimama hapa nilijiambia, leo atasema. Ukaleta mabati. Nikasema, atasema mwaka huu. Ukaleta blanketi. Safari hii ukaniletea ramani ya kanisa. Nikajua, basi, huyu atakufa bila kusema, nami nitabaki na kifo cha mama peke yangu. Nani alikuomba kanisa, kaka?"

Akapiga magoti kwenye udongo. "Nisamehe."

"Leo siwezi," Holo akasema. "Usinilazimishe. Ila kesho uje tena. Usilete kitu chochote."

Alikuja. Holo akampa kikapu, wakachuma pamba kutwa nzima bila kuzungumza. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu watu wakaanza kumcheka, mkandarasi mzima anachuma pamba kama kibarua. Siku ya nne, katikati ya mstari, Holo akasimama. Akasema, "Nimekusamehe, kaka. Sasa tumlilie mama." Wakamlilia palepale shambani, watu wawili wenye mvi, kama vile alikuwa amekufa asubuhi ile. Na kanisa? Halikujengwa. Matofali waliyatoa kwa shule ya kijiji, kujengea jiko.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi tunajua sana kujenga. Umemkosea mkeo, unamletea kitenge. Umemsingizia mwenzako kazini mpaka akafukuzwa, unakuwa wa kwanza kuchangia harusi ya mwanawe, na watu wanakusifu kwa ukarimu wako. Mzazi umemtupa akiwa hai, akifa unamjengea kaburi la marumaru. Je, tunawaenzi watu hao, au tunawafunika? Na tunajidanganya kwamba hawajui. Ndugu yangu, yule uliyemkosea anajua! Anakupikia, anakusalimia, anakushika mkono hapa hapa ibadani, huku anangoja neno moja ambalo huleti. Unaleta kila kitu isipokuwa hilo.

Hata nafsi inajua. Ndiyo maana hutulii. Unasema ni presha, ni uzee, ni kazi nyingi. Siyo presha! Ni neno limekaa kooni.

Na msidhani ukilisema tu utasamehewa papo hapo. Holo alisema, "Leo siwezi," na alikuwa na haki. Utaambiwa rudi kesho. Urudi kesho.

Kwa ratiba yetu, sasa tungeimba na kutoa sadaka. Tusiimbe kwanza. Mama uliyekaa karibu na dirisha, wewe uliyekuwa mwalimu wetu wa kwaya: mwaka juzi yaliposemwa yale maneno juu yako katika kikao cha wazee, mimi nilikuwa mwenyekiti. Nilijua ni uongo. Nikanyamaza. Haya nayasema mbele ya wote, kwa sababu uamuzi wa kikao kile ulisomwa hapa, na mbele ya wote ndipo ulipoaibishwa. Huna haja ya kunijibu leo.

Na ninyi wengine, mlango uko wazi. Mwenye mtu wake humu ndani, amfuate alipo. Mwenye mtu wake nyumbani, atoke sasa. Sadaka itangoja.