“Utuombee” ya Bibi Tasiana

Zamani, kanisa la kigango cha Lukwambe likiwa bado la nyasi, litania yake iliisha pale inapoisha. Ijumaa za Kwaresima, baada ya Njia ya Msalaba, katekista Severini aliimba majina ya watakatifu mmoja mmoja na watu wakaitikia, “Utuombee.” Mwisho aliwaita wote kwa mkupuo, “Watakatifu wote wa Mungu,” nao wakaitikia, “Mtuombee.” Basi, kwisha. Watu wakainuka wakipangusa magoti.

Isipokuwa Bibi Tasiana. Ajuza huyu alikuwa na masikio mazito, na kila Ijumaa, kanisa likishanyamaza, sauti yake ilitoka peke yake: “Utuombee!” Wee! Akina mama waliziba midomo kwa kanga, na hata wazee mabega yaliwacheza.

Severini alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, na Ijumaa iliyokuwa inakuja Padre angekuwepo. Akamwendea bibi nyumbani, akapaza sauti.

“Bibi, ukishindwa kufuatana na wenzako, itabidi ukae nje.”

Bibi alimtazama midomo, kisha akaendelea kupepeta ulezi wake. “Nje nina mtu wangu tayari,” alisema.

Severini akaondoka. Lakini njiani jambo likaanza kumkereketa. Kama bibi huchelewa, mbona majina mengine yote huitikia sawa na watu? Tena watu humaliza kwa “mtuombee”, maana watakatifu ni wengi. Yeye husema “utuombee”. Anayeambiwa hivyo ni mmoja. Nani sasa? Alifika mtoni, akasimama, akashindwa kuvuka. Akarudi mbiombio.

“Bibi, unamwambia nani?”

Bibi akaweka ungo chini. “Mwanangu. Alipumua mara tatu tu, maji ya ubatizo hayakumwahi. Wakamzika nje ya uzio wa makaburi ya kanisa. Kwenye orodha yako hayumo, katekista, nami sikulaumu. Nangoja umalize, namwita moyoni, halafu naitikia. Nisipoitikia mimi, nani ataitikia?”

Severini akachuchumaa kando ya ungo. Alilia mbele ya yule bibi bila kuona haya.

Ijumaa ikafika, Padre amekaa mbele. Litania ikaimbwa mpaka “Mtuombee” ya mwisho, na watu wakaanza kuinuka. Severini hakuinuka. Alinyamaza kwa muda wa kutaja jina moja, kisha akaitikia pamoja na bibi, “Utuombee.” Kanisa likapigwa bumbuazi. Bibi hakuisikia sauti ya katekista, lakini aliiona midomo yake, akajifunika uso kwa kanga.

Kumbe kulikuwa na mama mwingine huko nyuma, naye ana mtoto wake nje ya uzio. Akapiga magoti tena, akaitikia. Mwingine akafuata, na mwingine. Padre aliuliza baadaye, akaelezwa yote. Hakukataza.

Na tangu Kwaresima hiyo, litania ya Lukwambe haiishi inapoisha. Wageni husikia kimya kile, kisha kanisa zima likisema “Utuombee” bila jina kutajwa, wakadhani tumekosea. Hatukukosea. Nawe ukija Ijumaa, na ukawa na wako ambaye hayumo kwenye orodha yoyote, pale tunaponyamaza mwite moyoni. Sisi tutaitikia.