Vidato vya Ambwene

"Mungu hutangulia na jembe." Ndivyo mlivyomsikia mama yake Subilaga leo kanisani, alipokuwa akimuaga binti yake anayekwenda kusomea uuguzi, nami nikawaona mkikonyezana. Mungu na jembe wapi na wapi? Msione haya kuuliza, wajukuu zangu. Methali hii naijua ilikotoka, maana ilitoka kinywani mwa shangazi yangu Ambwene, na mambo yenyewe yalitokea kwenye mlima huu tunaouona hapa. Ilianza hivi.

Shangazi aliishi juu kabisa, kule mashamba ya viazi yanakopakana na msitu. Mumewe alikuwa ameenda Chunya kutafuta riziki, akamwachia nyumba, ng'ombe mmoja na binti yao wa miaka miwili, Lugano. Jina Ambwene kwa lugha yetu ni "ameniona", yaani Mungu ameniona. Alikuwa mtu wa sala, ila si mtu wa maneno mengi. Akilima aliimba, akichoka kuimba alinyamaza, basi.

Mwaka ule mvua ya Aprili ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya nne, alasiri, mlima ukanguruma, na kipande kizima cha njia ya kushukia bondeni kikaporomoka pamoja na miti yake. Hakuna aliyeumia. Lakini zahanati ya misheni ilikuwa bondeni, mwendo wa saa tatu, na njia ya kwenda huko ilikuwa hiyo moja tu.

Jioni hiyo hiyo Lugano akaanza kukohoa. Kulipokucha hakuwa na nguvu hata ya kulia. Mbavu zilizama kila alipovuta pumzi, na midomo ilikuwa imepauka. Shangazi akamfunga mgongoni, akajitanda blanketi, akatoka. Jirani yake, mama Sekela, akamkimbilia uani.

"Unakwenda wapi, Ambwene? Njia haipo!"

"Najua haipo."

"Ngoja hata siku mbili udongo ushike. Utateleza, mfe wote wawili."

"Msikilize anavyohema, dada. Hizo siku mbili hana."

Mama Sekela akaweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto, akakiacha hapo kidogo. Alivua sweta lake, akalizungusha kwenye miguu ya Lugano iliyokuwa ikining'inia nje ya mbeleko.

"Ng'ombe nitakukamulia," akasema. "Nenda."

Ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni mbele zaidi ya hatua tano. Shangazi alipofika ukingoni, pale njia ilipokatikia, akasimama. Mbele yake ulikuwa mteremko mtupu wa matope, laini kama uji unaoanza kuganda, na chini kabisa mto ukivuma. Mwenyewe aliniambia kwamba sala aliyoomba pale haikuwa nzuri.

"Bwana, ulisema hutaniacha. Mbona umeniondolea njia? Mimi nimefika mwisho wangu."

Kisha akalia, ila si sana, kwa kuwa hakuwa na muda wa kulia.

Alipofuta macho, akainama kutafuta pa kuweka mguu. Ndipo alipokiona kidato. Kilikuwa kimechongwa kwa jembe, upana wa unyayo, kimeinamishwa kuelekea mlimani ili mtu asitelezee bondeni. Chini yake kulikuwa na kingine, na kingine tena. Kingo zake zilikuwa bado kali, na maji yalikuwa hayajajaa ndani. Aliyevikata hakuwa mbali.

Akakanyaga cha kwanza. Kikamshika.

Alishuka hivyo, hatua moja kwa kila kidato, mkono mmoja ukishika majani na mwingine ukimshikilia mtoto mgongoni. Alipofika kwenye kijito alikuta daraja limechukuliwa na maji, lakini magogo mawili yalikuwa yamelazwa na kutandikwa majani ya migomba ili yasiteleze. Mara mbili tatu alisikia jembe likipiga chini yake, ndani ya ukungu. Akaita.

"Ni nani huko? Nisubiri!"

Hakujibiwa. Jembe liliendelea tu. Mwanzoni aliogopa, kisha woga ukamtoka. "Nilimwambia Lugano," alinisimulia, "mwanangu, usife, kuna mtu ametutangulia."

Mganga wa zahanati alimpokea mtoto mlangoni, akamchoma sindano palepale. "Ungefika jioni," alimwambia shangazi, "nisingekuwa na la kufanya." Kufikia saa sita mchana pumzi ya Lugano ilikuwa imetulia, na alipofumbua macho akaomba uji. Shangazi akamlisha vijiko vitatu, akamlaza, ndipo akatoka nje kumtafuta mwenye jembe.

Kwenye benchi la wagonjwa aliketi mzee Mwasomola, mtu wa kule kule juu, mwenye uziwi wa miaka mingi. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa bendeji mpya. Jembe liliegemezwa ukutani, likiwa bado na tope bichi. Shangazi akaketi karibu naye, akasema kwa sauti kubwa sikioni mwake.

"Baba, vile vidato ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulijuaje kwamba nakuja?"

"Sikujua, mwanangu. Mimi nilikuja kusafishwa kidonda, na jembe nililibeba liwe fimbo yangu. Mlima huu nimeuzoea, nilivuka bila kuchimba chochote. Lakini nilipofika ng'ambo, moyo ulikataa kwenda mbele. Nikawa kama naulizwa, wewe umepita, na anayekuja nyuma yako je? Basi nikarudi juu, nikaanza kuchimba."

"Na mguu huo?"

Mzee akacheka kidogo. "Uliuma sana. Kila kidato nilisema hiki ndicho cha mwisho."

Shangazi akapiga magoti chini. "Ndaga fijo, tata," akamshukuru kwa lugha ya kwetu, na machozi aliyoyazuia asubuhi yakamtoka yote. Mzee akamshika bega.

"Inuka. Mimi nilishika mpini tu."

Shangazi akaikumbuka sala yake ya kule ukingoni. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Kumbe wakati namlaumu Mungu kwa njia, alikuwa amekwisha kunitangulia na jembe."

Mganga aliyasikia maneno hayo, na Jumapili akayasimulia kanisani. Watu wakayachukua, wakayafupisha, yakawa methali.

Lakini msiondoke bado. Mngesikia mpaka hapo tu, mngedhani methali hii ni ya watu ambao mambo yao yamenyooka. Miaka mitatu baadaye mumewe Ambwene alifariki huko Chunya. Nilikuwa msichana wa umri wenu, na nilikuwepo msibani. Mwanamke mmoja, nadhani kwa uchungu tu wala si kwa ubaya, alimuuliza mbele ya watu, "Na leo jembe liko wapi, Ambwene?"

Shangazi alikuwa amempakata Lugano. Niliona aibu kwa ajili yake. Nilitamani mtu aanzishe wimbo.

"Leo sioni kidato chochote," alisema hatimaye. "Naona matope matupu. Lakini hata siku ile sikukiona nilipokuwa nimesimama. Nilikiona nilipoinama."

Akainamisha kichwa juu ya nywele za mtoto wake, akaanza kuomba kwa sauti ndogo, nasi tukainama pamoja naye. Alimlea Lugano peke yake kwenye mlima huu. Ilikuwa miaka migumu, siwadanganyi, na kuna asubuhi nilimkuta amekaa kizingitini akilia. Ila kila mara alifuta macho, akachukua mzigo wake, akatafuta pa kukanyaga, na sijapata kumwona akipakosa.

Basi mkiona njia imekatika mbele yenu, lieni kidogo, hakuna ubaya. Kisha inameni, mweke mguu. Mungu hutangulia na jembe.