Jina Moja Pembeni mwa Kifungu cha Nane

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, ni hii ya juzijuzi kompyuta zilipokuwa bado na vichogo, palikuwa na kamati katika mji mmoja wa baridi kule Nyanda za Juu. Kazi yake ilikuwa kutunga kanuni za ghala la mafaili. Hospitali, mahakama na shule zingeweka mafaili yao kwenye kompyuta moja kubwa, na kila ofisi ingeyafungua kutoka kwake kupitia mtandao. Kanuni ndizo zingesema nani afungue, nani asubiri na nani aandike.

Kamati hiyo ilikuwa na desturi mbili, nanyi zishikeni, maana ndizo zitakazotutia matatani. Ya kwanza, rasimu ilisomwa kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, wote wakisikiliza. Ya pili, kifungu kikirekebishwa, pembeni mwake liliandikwa jina la aliyekirekebisha. Jina moja tu, ili atakayekwama miaka ijayo ajue amwulize nani. Mwenye kuliandika alikuwa msomaji, na aliloandika halikupingwa.

Msomaji alikuwa Bi. Aurelia Mhagama. Kwa miaka tisa alisoma rasimu za wenzake. Kwa miaka tisa aliandika majina ya wenzake, kumi na moja yote, na lake halikuwemo hata mara moja. Mwezi ule alikuwa anastaafu, na rasimu ile ilikuwa yake ya mwisho. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini jina hilo alilitaka. Alilitaka mno, na aliona haya kulitaka.

Basi wakaketi, akasoma. Kifungu cha nane kilisema umeme ukikatika kisha ghala likaamka, faili litapewa ofisi itakayoliomba kwanza. Wakaitikia vichwa. Akasoma cha tisa, akasoma cha kumi, akafika cha kumi na nne. Hicho kilisema ofisi iliyokuwa imeshika faili umeme ulipokatika itaendelea kulishika. Bi. Aurelia akarudisha kurasa nyuma, akasoma tena kimoyomoyo.

"Hivi viwili havipikiki chungu kimoja," alisema.

Mwenyekiti, Mzee Kiwanga, alikuwa ameshasikia harufu ya viazi kutoka jikoni. Akasema hayo ni maneno tu, yatanyooshwa kiwandani kitabu cha kanuni kikichapwa. Bi. Aurelia akauliza kama kuna madhara. Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe hakujua. Hata hivyo aliweka kiganja juu ya ukurasa, akakataa kuugeuza. Viazi vikapoa.

Palikuwa na fundi mmoja, Anyosisye, kijana wa utani mwingi asiyeamini neno mpaka aone waya. Alikiri mbele ya wote kwamba yeye rasimu huisoma nusu, nusu nyingine huiota. Akaunganisha kompyuta mbili na ghala dogo la majaribio. Akatunga mgonjwa wa uongo, akaandika kwenye faili lake, kwa kompyuta ya kwanza, kwamba sindano ya penisilini humdhuru. Kabla hajahifadhi, akachomoa waya wa umeme wa ghala. Akauchomeka tena. Kompyuta ya pili ikaomba faili ikapewa, kwa kifungu cha nane. Ya kwanza ikaendelea kulishika, kwa kifungu cha kumi na nne. Zote mbili zikaandika, na maandishi ya pili yakafunika ya kwanza. Walipofungua faili, onyo la sindano halikuwemo.

Chumba kizima kikaingia ubaridi. Mzee Kiwanga alivua kofia, akamwomba radhi Bi. Aurelia.

Sasa dawa yake ni nini? Wakabishana mpaka chai ikaja. Waliotetea kifungu cha nane walisema ofisi iliyoshika faili ikicheleweshwa na umeme, ofisi nyingine zingoje hadi lini? Wa kumi na nne walisema aliyekuwa katikati ya sentensi hanyang'anywi kalamu. Hapo akakohoa Bi. Stamili, karani wa masijala ya hospitali, aliyealikwa kwa kuwa ofisi yake ingelitumia ghala hilo. Kompyuta alikuwa hajaigusa.

Alisema dirisha lake hufungwa saa saba. Wagonjwa wakienda kula, kila mmoja huacha kandambili moja kwenye foleni. Likifunguliwa, yeye haanzi na aliyefika mbio. Kwanza huita wenye kandambili, huku wageni wakisubiri kidogo. Ambaye hajatokea muda huo ukiisha, kandambili yake huwekwa kando.

Wakatazamana, wakaanza kucheka kwa raha. Kifungu cha nane kikaandikwa upya palepale: ghala likiamka litangoja sekunde tisini, wenye mafaili yao wayadai, asiyelidai lake alipoteze, ndipo wageni wapokelewe. Anyosisye akajaribu mara sita, na mara sita onyo la sindano likabaki mahali pake.

Viazi vikapashwa moto. Wakila, Mzee Kiwanga akataka kila mwenye dai la jina la pembeni aseme.

"Mama, shikamoo yako naiheshimu," alisema Anyosisye, "ila bila waya wangu, shaka yako ingepelekwa kiwandani ikanyooshwe."

"Mimi sina makuu," alisema Bi. Stamili. "Lakini dada, kuona kidonda si kukitibu. Na atakayekwama kesho na sekunde tisini zile, atakayemweleza ni mimi."

"Nyote mlikuwepo nilipokisoma cha nane," alisema Bi. Aurelia, "na nyote mlikuwepo nilipokisoma cha kumi na nne. Ningegeuza ukurasa, leo tungekuwa nyumbani."

Hakuna aliyekasirika. Walimsogezea rasimu, wakamsogezea na kalamu, kama walivyofanya miaka tisa. Alifurahi kuwa pale, kati ya watu wale, na mkono ulikuwa mzito. Nafasi pembeni mwa kifungu ilitosha jina moja.

Jina aliliandika, na kitabu kikachapwa. Nalijua, ila siwaambii kabla hamjanijibu. Enyi mnaonisikiliza, kalamu ile ingekuwa mkononi mwenu, je, nani alistahili?